Picha Isiyo na Mtu

Abdias hakuwa na umeme. Hakuwa na kipimo cha mwanga, kwa sababu sindano ya kamera yake ya Kirusi ilikuwa imekufa zamani, naye alipima jua kwa kutazama kivuli cha kiganja chake ukutani. Hakuwa na filamu zaidi ya ile iliyokuwa ndani ya kamera, na hiyo ilikuwa imebakiza picha kumi na nne. Hakuwa na karatasi ya ruhusa ya kusafiri, wala ndugu jeshini wa kumwombea njiani, wala viatu vya kustahimili matope, wala cheti chochote cha shule. Na asubuhi ile ya Machi 2001, Virginie alipoingia katika studio yake ndogo ya Bulengera, mjini Butembo, Abdias hakuwa hata na neno la kumfariji.

"Wavukire, Papa Abdias."

"Wavukire, Madame Directeur. Ukae."

"Hapana. Nikikaa nitalia, na sikuja kulia. Bamemufunga Zorobabel."

Zorobabel, mume wake, alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya Vuhimba, kijiji kilicho milimani nyuma ya Kipese. Zamani, kabla ya kupelekwa huko, alikuwa akiishi Butembo na kufundisha watu wazima jioni katika ukumbi wa kanisa. Huko ndiko Abdias, akiwa na miaka thelathini na mmoja na mke na watoto, alikojifunza kuandika jina lake, kisha barua, kisha hesabu za kuchanganya dawa za picha. Hakuwahi kukosa somo hata moja. Kwa jambo hilo alijivuna mpaka leo, na alikuwa na haki ya kujivuna.

"Kwa kosa gani?"

"Banasema aliuzisha mabati ya masomo, ya shule yake. Mabati yote! Commandant wa kule ameandika rapport. Ameandika kama directeur alibomoa paa, akauzisha kwa bacommerçant, kisha akakimbia na batu wengine. Sasa iko Beni, ku cachot, anakohoa damu. Kesi ni Jumatatu ya tarehe makumi mbili na sita. Auditeur ameniambia: 'Mama, lete preuve, ushahidi, ao unyamaze.'"

Auditeur ndiye mwendesha mashtaka wa jeshi, na katika miaka ile jeshi ndilo lililohukumu kila mtu.

"Na mabati yako wapi kwa kweli?"

"Kila mutu anajua. Basoda ba commandant ndio balibomoa, bakajengea position yao pale juu. Mais nani atasema? Mutu akisema, banamuvunja kinywa. Foto, hapana. Foto banaivunja kinywa wapi?"

Abdias alifahamu mabati yale. Yalipotolewa na parokia, Zorobabel aliandika herufi E.P.V., kifupi cha jina la shule kwa Kifaransa, kwa lami kwenye kila bati kabla halijapigiliwa. Aliziandika upande wa ndani, ili mvua isizifute, na ili watoto wakiinua macho wakiwa darasani wakute kitu cha kusoma. Yeye alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Vuhimba kuna nani sasa?" aliuliza.

"Hakuna mutu. Tangu mwezi wa nane, siku ile ya masasi na bunduki, hakuna hata kuku. Ni jangwa, Papa Abdias. Unasikia? Jangwa."

"Nitaenda," alisema.

Alisafiri juu ya magunia ya chumvi mpaka Lubero, akalala kwa mchungaji mmoja, kisha akaenda kwa miguu hadi Kipese, kamera ikiwa imefungwa ndani ya fulana katikati ya mfuko wa vitunguu. Kesho yake saa nane mchana aliingia Vuhimba.

Alikuwa amefikiri kwamba kijiji kilichoachwa hukaa kama kilivyoachwa. Haikuwa hivyo. Milango yote ilikuwa imeng'olewa pamoja na bawaba zake, na madirisha pia, kwa hiyo nyumba zilimtazama kwa matundu. Mmea wa boga ulikuwa umepanda kitanda cha mianzi ndani ya chumba cha mtu, ukatoka kupitia dirisha ukiwa na maua. Ndani ya kanisa, mchwa walikuwa wamejenga kichuguu mahali pa waimbaji. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyepasua kuni. Abdias alijikuta akitembea kwa vidole vya miguu kama mtu aliyechelewa ibada.

Shule haikuwa na paa. Kuta nne za udongo zilikuwa zimeanza kuyeyuka kwa mvua. Ubaoni, chini ya madoa ya maji, tarehe ya mwezi wa nane bado ilisomeka, katika mwandiko ambao Abdias angeutambua popote.

Aliinua kamera. Kidole kikakataa. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi hata mara moja kufyatua kamera bila kuwa na mtu mbele yake. Mteja alilipia uso. Nyumba nyuma yake ilikuwa ukuta tu. Abdias mwenyewe aliwaambia wateja kwamba picha isiyo na mtu ni filamu iliyotupwa. Akajilazimisha. Alipiga shule mara mbili, kanisa mara moja, na ile nyumba ya boga mara moja. Zikabaki kumi.

"Eh, vieux! Unapiga nini?"

Askari wawili walikuwa wamesimama penye kona ya kanisa. Aliyesema alikuwa sajini mfupi, mpana, mwenye lafudhi ya Kasai. Jina lake lilikuwa Tshibangu. Mwenzake, Hénock, alikuwa mrefu na alichechemea, mguu wa kushoto ukiwa umekauka kwa jeraha la zamani.

"Nyumba, chef," Abdias alijibu.

"Iko mutu ndani?"

"Hapana, chef."

"Donc unapiga foto ya hewa. Hénock, tala ye, muangalie! Papa anatoka mbali kupiga foto ya hewa!" Walicheka wote wawili. Kisha Tshibangu akaacha kucheka. "Foto bila mutu, hiyo ni ya espion. Espion anapiga mulango, anapiga njia, anapiga kilima, kisha bombe inakuja. Fotografe wa kweli anapiga mutu. Sema, nani amekutuma?"

Lilikuwa jambo ambalo kila mtu Kivu alilijua. Abdias alitafuta uongo ulio karibu zaidi.

"Ninatafuta bateja, chef. Nilikuwa ninapima mwanga. Ninaangalia mahali pazuri pa kumusimamisha mutu."

Tshibangu alimtazama, akaitazama kamera. Kisha akavuta shati lake likanyooka, akafunga kifungo cha shingoni.

"Mutu ni huyu hapa," alisema.

Basi tangu hapo hapakuwa na picha isiyo na mtu. Tshibangu alisimama mlangoni mwa shule, mkono kiunoni. Alisimama kanisani kando ya kichuguu. Aliketi penye dirisha la boga na ua moja nyuma ya sikio, akacheka mwenyewe. Abdias alihesabu kimya kimya: tisa, nane, sita. Zilipobaki nne, sajini akasema, "Sasa twende kwetu. Nitamutumia mama yangu foto, na yeye hapana taka nyumba ya kuanguka. Anataka kuona fasi mutoto wake analala."

Kambi yao ilikuwa juu ya kilima, nyumba moja ndefu ya miti na udongo. Paa lilitokeza mbele sana ili kuwapa kibaraza cha kuotea moto. Jua lilikuwa limeanza kushuka, nalo lilipenya chini ya kibaraza kile. Abdias aliinua macho, akaziona: E.P.V., E.P.V., E.P.V., bati kwa bati, upande wa ndani uliotazama chini, kama darasani.

Akapiga magoti kwenye matope.

"Magoti ya nini, vieux? Unaniomba musamaha ya zambi?"

"Ukipigwa toka chini unakuwa murefu kama jenerali, chef."

"Huyu?" Hénock alisema. "Hata umupige toka kaburini atabaki mufupi."

"Nyamaza, kuja usimame hapa, na ule mguu yako uufiche nyuma yangu."

Abdias alipiga zote nne akiwa magotini. Alikaza viwiko juu ya mapaja na kuzuia pumzi.

Baadaye wakampa viazi vya moto na chumvi. Tshibangu alimenya chake taratibu, akasema hajapata habari za nyumbani tangu vita vya kwanza, kwamba mama yake kule Kananga huenda alishamlilia, na kwamba kuna mfanyabiashara aliyeahidi kupeleka bahasha kwa kuzungukia nje ya nchi, kwa kuwa njia za ndani zilifungwa na vita. Kisha akaonyesha paa kwa kisu.

"Miezi tatu tulilala ndani ya mvua hapa. Commandant akasema, mupande ile nyumba ya masomo. Mimi ndiye nilikuwa juu na nyundo. Zile zilibakia alipakiza ku camion yake. Mais hizi zetu, Papa, siku ya kwanza ilinyesha juu yake, tuliimba."

Abdias aliinua macho kwenye herufi zile. Alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Akaomba chumvi badala yake. Tshibangu alimsindikiza hadi kuvuka kizuizi cha pili, akawaambia askari wa pale: "Huyu ni fotografe yangu, mutu asimuguse." Akaahidi kuja Butembo kuchukua picha zake.

Abdias alipofika nyumbani alisafisha filamu, na kwa furaha ya kazi peke yake alipiga kelele: negatifu zilikuwa safi. Lakini kuzitoa kwenye karatasi lilikuwa jambo jingine. Abdias alichapa kwa jua. Kulikuwa na tundu ukutani na kioo nje kilichorusha mwanga ndani ya mashine ya kukuzia, na bila jua hakuna picha. Siku nne Butembo ilikaa chini ya mawingu. Jua lilitoka Ijumaa, tarehe ishirini na tatu. Siku hiyo hiyo Virginie akaja.

Abdias alimpa kwanza picha aliyoichapa kwa kuziba pembeni na chini. Ilionyesha mabati na herufi peke yake.

Virginie aliigeuza huku na huku. "Hii ni bati."

"Iko na herufi."

"Butembo yote ni bati, Papa Abdias. Commandant atasema umeyapaka wewe hapa ku Bulengera, na mimi nilikushikia kopo ya lami. Hii ni fasi gani? Hakuna kilima, hakuna mutu."

Akampa ile nzima. Herufi zilikuwa zimesimama wazi juu. Nyuma, kwa mbali, kilionekana kile kilima chenye vichwa viwili ambacho hakuna mtu wa Kipese asiyekijua. Na katikati walikuwako Tshibangu na Hénock, wakitazama mbele, uso kwa uso na yeyote atakayetazama.

"Hii," alisema Virginie. Akaisogeza karibu na macho. "Hii ndiyo."

"Hawa watu, Mama, balitumwa tu. Commandant atawatupia kosa lote. Na soda wa kuiba, unajua banamupiga masasi."

"Najua."

"Huyu mufupi iko na mama. Hajui kama mutoto wake iko hai."

"Na Zorobabel iko na batoto tano, na banajua kama baba yao anakufa." Alirudisha picha mezani polepole, akaipangusa vumbi kwa kona ya kitambaa chake cha kichwa. "Unaniuliza mimi nichague? Mimi nilichagua siku ya kuolewa. Sasa ni wewe."

Kesho yake, Jumamosi alasiri, Tshibangu aliingia studio akiwa na bunduki begani na tabasamu la mtu anayekuja kuchukua nguo mpya kwa fundi. Abdias alimpangia picha zake juu ya meza. Sajini alizitazama moja moja. Ile ya ua la boga aliishika muda mrefu.

"Mama ataona nimenona," alisema. "Vieux, wewe ni fundi. Hebu niandikie huku nyuma. Mimi kalamu tulikosana zamani. Andika: Mama, niko hai. Mimi mutoto wako."

Abdias alichukua kalamu. Aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: *Mama, niko hai.* Akaanza neno lililofuata, mkono ukasimama.

"Wino imeisha?"

"Hapana." Akaweka kalamu chini. "Chef, nitakuambia kitu. Kisha utafanya unavyotaka."

Akamwambia yote: mwalimu, mabati, kesi ya Jumatatu, sababu ya magoti yale. Hakujitetea. Alipomaliza, bunduki haikuwa tena begani. Ilikuwa mezani, katikati yao, ikilalia kingo za picha.

"Ulipiga magoti," Tshibangu alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikasema, angalia huyu papa, anaheshimu kazi yake. Na viazi nilikupa."

"Ulinipa."

"Lete ile negatif."

Abdias aliivuta kutoka kwenye sanduku, akaiweka mbele yake. "Ukiichukua, mwalimu atafia mule."

Nje, pikipiki ilipita, ikafuatwa na nyingine. Tshibangu aliinua ukanda wa filamu juu, dhidi ya mwanga wa mlango, akajitafuta ndani yake: uso mweupe, macho meusi, herufi nyeupe juu ya kichwa.

"Ni ndugu yako?"

"Alinifundisha kuandika. Nilikuwa muzee tayari."

Sajini aligeuza ile picha ya ua, akatazama maneno yale nyuma yake, ambayo hakuweza kuyasoma vizuri, lakini aliona jinsi yalivyonyooka.

"Yule commandant angetutoa sisi hata bila foto," alisema mwishowe. "Siku moja. Kwa kitu ingine." Akarudisha negatifu mezani. "Siku tatu, vieux. Nirudi kule, nimutoe Hénock, tushuke ziwani tuvuke Uganda. Peke yangu ningefika mupaka kesho. Mais Hénock na ile mguu, hapana kimbia. Siwezi kumuacha, ni foto yangu ndiyo nilimuita asimame ndani yake. Nipe siku tatu, kesi ingoje, kisha tuma. Na uandike kama ni commandant alitutuma."

"Siku tatu," Abdias alisema.

"Sema tena."

"Siku tatu, chef. Nimesema."

Tshibangu alimpa mkono. Akakusanya picha zake ndani ya kofia, akatoka.

Abdias alibaki ameketi. Siku tatu zilikuwa Jumanne. Kesi ilikuwa Jumatatu. Hakuwa amekosea hesabu: aliijua wakati akisema, aliijua mara ya kwanza na mara ya pili, na hakuna mtu aliyemlazimisha kupeana mkono. Angeweza kusema siku moja. Lakini kwa siku moja sajini angeichukua negatifu.

Jumapili asubuhi, kengele za kanisa zikiita, hakwenda ibadani. Aliandika. Alikwishapoteza karatasi mbili alipofika kwenye ile aliyoiona inafaa:

*Kwa Bwana Auditeur, Beni. Mimi Abdias, mpiga picha wa Bulengera, ninashuhudia kwamba picha hii niliipiga kwa mkono wangu juu ya kilima cha Vuhimba. Herufi zilizo juu ni za shule, na mwalimu Zorobabel hakuuza bati hata moja. Askari wawili wanaoonekana walitumwa na commandant wao, na mabati mengine commandant aliyachukua kwa lori lake. Nilisikia kwa masikio yangu. Askari hawa hawakusimama hapo kwa kiburi. Mimi ndiye niliyewasimamisha. Kama kuna wa kuulizwa, niulizwe mimi. Ninapatikana kila siku.*

Akatia sahihi jina lake lote. Aliisoma tena, akaona hakuna kosa la kuandika, na hilo halikumpa raha yoyote. Akaweka ndani picha na kipande cha negatifu, akapaka uji wa muhogo kwenye mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika.

Jumapili madereva Wakristo walikuwa wakipumzika. Aliyekuwa akipakia kwenda Beni alikuwa Maulidi, Mwislamu, mwenye lori la bluu, naye alikuwa tayari anafunga turubai.

"Papa Abdias! Leo hapana kanisa? Pasteur atakufukuza, ukuje kwetu, nafasi iko."

"Nina barua, Maulidi. Kwa auditeur, mkononi mwake."

Maulidi aliacha mzaha. Aliipima bahasha kwenye kiganja. "Ni ya haraka? Maana leo ninashusha mafuta Kyondo kwanza, kisha ninalala Maboya. Beni nitaingia kesho ao Jumanne. Kama ni ya haraka, nitapita moja kwa moja, mafuta nitashusha wakati wa kurudi."

Abdias alitazama barabara ya kusini. Kama Tshibangu alipata gari la chumvi jana jioni, saa hii alikuwa akiteremka Lubero, na safari ya miguu ilikuwa haijaanza. Hénock, asiyejua lolote, huenda alikuwa bado ameketi kibarazani akichoma viazi.

"Ni ya haraka," alisema. "Ifike leo."

Maulidi aliingiza bahasha kifuani, ndani ya kanzu, akapanda, akawasha lori, likashika njia ya Beni.